Wanaoishia Mlangoni mwa Maktaba

Matema, kambi ya mawe

Mwanangu Sekela,

Barua hii nampa dereva wa lori la mchanga. Anatoka hapa kabla hakujapambazuka, na ameniahidi atakukuta stendi ya Kyela kabla basi lako halijaondoka. Asipokukuta atampa mama yako, naye atakusomea kwenye simu huku akinisahihisha kila sentensi. Kwa hiyo omba akukute.

Nilitaka kuja mwenyewe. Msimamizi amesema atakayeondoka kabla ukuta haujafika kwenye madirisha asirudi. Simlaumu sana, naye anasukumwa na wenye hoteli tunayoijenga. Mgongo unauma, viganja vimechanika, na kwa umri wangu nikiiacha kazi hii sitapata nyingine kwa urahisi. Basi nimebaki. Najua umenuna. Juzi ulivyokata simu nilijua umenuna.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako ameshakufungia mchele, ameshakwambia usile vya njiani na usimpe mtu begi akushikie. Hayo ni yake na anayaweza.

Mimi kuna neno ulilolisema kwenye simu limenikaa kooni. Ulisema huyo anayekukabidhi maktaba kule Newala amekwambia usijipe matumaini. Watu wa huko hawasomi, wanawake ndiyo kabisa, na kufika katikati ya mwaka hali ikiwa hiyohiyo vitabu vitahamishwa na wewe utapangiwa kazi nyingine. Ukaniambia hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali. "Ndivyo walivyo, baba."

Sekela, hata basi hujapanda. Umewajuaje?

Neno hilohilo lilisemwa kuhusu kijiji chetu, Bujonde. Wewe ulikuwa bweni Tukuyu, na ulipokuja likizo watu walikuwa wameshalipunguza makali. Kilichobaki ni kichekesho cha baba yako, Mnyiramba aliyepigwa faini ya kibaraza. Ulikicheka na mimi nikakuacha ucheke. Leo nakuandikia chote, kwa sababu unakwenda kushika kazi kama ya Bi Mwanahawa wa maktaba yetu, lakini mdomo unao wangu.

Maktaba yetu unaijua, chumba kimoja cha tofali za kuchoma, mkabala na mashine ya kukoboa mpunga nilipokuwa kibarua. Kiwanja alikitoa Mzee Asegelile, jirani yetu. Mimi mara ya kwanza niliingia mle kwa ajili ya mvua. Shule niliacha darasa la tano, baba aliponitoa nikachunge, na tangu hapo chumba chenye vitabu nilikiona kama kituo cha polisi, mtu huingii mpaka uitwe. Siku hiyo mvua ilinikuta barabarani, mwili mzima pumba, nikajibanza ukutani. Bi Mwanahawa akafungua mlango. Unamkumbuka, mkutubi, mtu wa Pangani, serikali ilimleta kwetu kama inavyoleta walimu na manesi.

"Ingia, baba. Hapa hatutozi."

"Nina pumba, mama."

"Vitabu havina mafua. Ingia."

Nikaingia, akanipa gazeti la wiki iliyopita. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na mvua ilipokatika nilikuwa sijamaliza habari moja. Kesho yake nikarudi kuimalizia. Hivyo ndivyo baba yako alivyoanza kusoma tena, mtu mzima mwenye mke na mtoto wa sekondari.

Baada ya hapo nilianza kuangalia wengine wanaingia na nini. Mtu alikuja na ganda la kakao lililooza nusu, akaliweka mezani kwa Bi Mwanahawa kama analeta mgonjwa, wakafungua kijitabu cha picha mpaka wakaupata ugonjwa. Wanafunzi walikuja jioni kwa ajili ya taa ya sola. Watu walikuja na fomu za cheti cha kuzaliwa wasizozielewa. Wengine walikuja kupumzika tu, na Bi Mwanahawa hakuwafukuza. Kijijini petu hiyo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ambayo mtu aliingia bila kununua, bila kuugua, bila kushtakiwa na bila kusali. Sikulijua hilo kwa maneno wakati ule. Nilijua tu kwamba nikitoka mle naenda mashineni nikiwa na kitu cha kufikiria zaidi ya magunia.

Aliyeipenda maktaba kuliko sisi sote alikuwa Mzee Asegelile mwenyewe. Asubuhi alimkuta Bi Mwanahawa anafagia, akatundika koti lake jeusi kwenye msumari wa mlangoni, akakaa benchi la dirishani pamoja na wazee wa rika lake. Walisoma magazeti kwa sauti ya chini na kubishana kwa sauti ya juu. Mpaka panafungwa wamo.

Sasa nije kwa Tumpe. Tumpe aliolewa na mtoto wa tatu wa Mzee Asegelile, yule aliyekuwa utingo wa malori Tunduma. Aliacha shule kidato cha tatu kwa sababu ya mimba, unajua, akaolewa, akazaa, akalima. Mwaka ule akajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mumewe alikubali, mama mkwe hakukubali sana, na mkataba wa nyumbani ulikuwa huo mwaka mmoja tu. Akishindwa, mambo ya shule yaishe, arudi shambani asiyataje tena. Mtihani ulikuwa Novemba. Vitabu vya fizikia na kemia vilikuwa maktaba, nakala mojamoja, na nakala moja haiazimishwi. Ilibidi asomee mle.

Kutoka mlango wa mashine nilikuwa nikimwona. Alasiri, kazi za shamba zikipungua, anakuja amejifunga kanga mbili, daftari chini ya kwapa. Anafika karibu kabisa na mlango. Anasimama. Anageuza. Kesho vilevile. Na si yeye peke yake, walikuwa wengine, wake za watu, wenye watoto mgongoni, wanafika na kugeuza. Nilidhani Bi Mwanahawa ana maneno makali. Nikamwuliza.

"Mimi?" akasema. "Mimi natamani waingie hata kwa kukosea njia. Wanakuja mpaka mlangoni kama wanaokuja kuazima chumvi, halafu wanakumbuka kwamba nyumbani chumvi ipo."

Akaja ofisa kukagua. Akakuta wazee na wavulana wa shule. Akauliza wanawake wako wapi, Bi Mwanahawa akasema hawaingii, na ofisa akasema basi wanawake wa hapa hawasomi, na chumba cha wazee wa magazeti ni kijiwe, si maktaba. Akasema kuna watu wanatafuta ghala la kakao. Akampa mpaka mwisho wa mwaka.

Jioni nilimwuliza mama yako, anapepeta mchele.

"Huyu Tumpe anaogopa nini maktaba?"

Akaacha kupepeta. "Baba Sekela, umekula mchele wa Kyela miaka yote hii na kichwa bado kiko Iramba. Mzee Asegelile ni nani wake?"

"Baba mkwe."

"Mkamwana anaingia chumba alichokaa baba mkwe wake?"

"Ile si nyumba ya mzee. Ni ya watu wote."

"Paa ni paa."

Wewe umezaliwa ndani ya mila hiyo, huna haja ya kuelezwa. Mimi ilibidi nielezwe kama mtoto. Kwamba kwa wanaoishika, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hamtazami, wakikutana njiani anapisha mpaka mzee apite. Na wazee wa rika la baba mkwe nao anawahesabu vilevile. Lile benchi la dirishani lilikuwa limewafungia mlango karibu nusu ya wanawake vijana wa kijiji. Wakiliona koti jeusi kwenye msumari, safari imeishia hapo.

"Kwa nini mzee asiambiwe?"

"Na nani?" mama yako akasema. "Tumpe? Au mumewe? Mtoto amwambie baba yake, ondoka kwenye kiwanja chako, mke wangu anataka kusoma? Haya, wewe si mwanaume? Nenda ukamwambie."

Alikuwa ananikejeli. Mimi nikalichukua kama kazi niliyopewa. Na ndiyo maana nasema mdomo wako ni wangu, maana wewe pia ukijua jambo leo, kesho asubuhi limeshakutoka.

Kesho yake niliingia maktaba saa ya mapumziko, na pumba zangu.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, Mnyiramba. Mashine imekufa leo?"

"Nzima. Nimekuja na neno." Nikalisema hapohapo, nimesimama, Bi Mwanahawa anasikia, wavulana wa shule wanasikia. Nikasema wakamwana wenu wanashindwa kuingia kusoma kwa sababu yenu. Nikasema mkiwapisha jioni, maktaba itapona. Nilisema vizuri kabisa. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku.

Mmoja wa wazee akaangua kicheko. "Asegelile! Kumbe wewe ndiye nyoka wa mlangoni!"

Mzee Asegelile hakucheka. Alikunja gazeti, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka mezani. Akachukua koti lake. Aliponipita akasema, "Ndaga, Mnyiramba." Asante. Nimetukanwa na wasimamizi wa kila aina, Sekela, lakini sijawahi kuchomwa kama nilivyochomwa na asante ile. Wenzake wakainuka mmoja mmoja, hata yule aliyecheka.

"Baba Sekela," Bi Mwanahawa akaniuliza, "umefanya nini?"

"Nimefungua mlango," nikasema. Na nilijiona.

Nilijiona mpaka jioni. Jioni Tumpe alisimama nyuma ya migomba yetu, hakuingia uani. Alikuwa analia lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Baba Sekela, mimi nilikutuma?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi kamwambie mama mkwe, maana kwake mimi ndiye niliyemtuma mgeni akamfukuze baba yao mbele ya watoto wa shule. Madaftari yangu yamechukuliwa. Nimeambiwa mambo ya shule yamekwisha."

Nikasema nilitaka kumsaidia.

"Nani alikwambia nimekaa bure? Nilishaongea na shangazi, dada yake mzee. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia, wakiwa wawili. Siku mbili tatu zingetosha. Sasa hata shangazi hathubutu kunitaja." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mtihani ni mwezi ujao."

Akaondoka. Mama yako alikuwa amesikia yote kutoka jikoni na hakusema kitu. Unamjua mama yako, akinyamaza ujue hali ni mbaya.

Nataka uelewe nilikuwa nimefanya nini, kwa sababu wewe unaweza kulifanya hilohilo na cheti mkononi. Kabla yangu, maktaba ilikuwa na wazee na haina wanawake. Baada yangu ilikuwa haina mtu. Wazee hawakurudi, maana walikuwa wamefukuzwa. Wanawake hawakuingia, maana ni nani angekubali kuonekana amekaa kwenye benchi lililotolewa baba mkwe wake kwa ajili yake? Bi Mwanahawa alikaa peke yake na vitabu vyake. Nikiinua macho kutoka kwenye magunia namwona mlangoni ameshika tama. Na Tumpe alikuwa shambani, anapalilia, na siku zinakwenda. Niliona ukweli wa jambo lile, lakini sikuwaona watu wake. Tumpe nilimwona kama mtu anayesubiri kuokolewa, kumbe alikuwa mbele yangu kwa hatua nyingi.

Mama yako ndiye aliyenitoa. Alisema, "Unakwenda kuomba radhi, na unakwenda kwa kupitia mtu. Ukifika unakaa chini na unafunga mdomo mpaka uulizwe." Akaenda mwenyewe kwa yule shangazi. Shangazi alinitukana kwa Kinyakyusa kwa muda mrefu, mama yako akiwa ananitafsiria sehemu ndogo tu, halafu akakubali kunipeleka.

Tulimkuta Mzee Asegelile uani kwake, anageuza kakao kwenye chanja. Hakuacha kazi. Nilikaa chini. Halafu akasema na dada yake kama mimi sipo.

"Mwulize Mnyiramba, huko kwao mtu mzima husemwa mbele ya wenzake kama mwizi wa ndizi?"

Shangazi akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema hapana.

"Mwulize kama mimi sina nyumba, kwamba hakujua pa kunikuta."

Nikasema nilijua. Nikasema nimekosa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, nikayaacha.

Akaendelea kugeuza kakao. Akafika mwisho wa chanja, akafuta mikono, na hapo ndipo aliponitazama.

"Wanakuja kweli?"

"Nani, mzee?"

"Hao. Wanafika mpaka mlangoni?"

"Kila siku. Nawaona kutoka mashine. Wanasimama, wanageuza."

"Mimi sijawahi kuwaona."

Dada yake akacheka kidogo. "Ungewaonaje? Kivuli cha kanga kikipita mlangoni, wewe unazamisha kichwa kwenye gazeti."

Nami ndipo nilipoelewa, na kama nina kitu kimoja cha kukupa ubebe mpaka Newala ni hiki. Yule mzee alikuwa akiona kivuli cha mwanamke anainama kwa adabu, ili mkamwana asione haya. Mkamwana naye alikuwa akiliona koti anageuza kwa adabu, ili mzee asisumbuke. Kila mmoja alikuwa anamtunzia mwenzake heshima, kwa miezi mingi, na kati ya heshima hizo mbili maktaba ikawa inakufa, na nje tukaambiwa hawasomi. Hapakuwa na mbaya pale. Mimi nilikwenda kumtafuta mbaya, nikampata, nikamsema hadharani, na hakuwa mbaya.

"Faini yako ni kibaraza," Mzee Asegelile akasema. "Upande wa pili, ule usio na mlango. Paa na benchi. Asubuhi tutakaa ndani. Jua likigeuka tunatoka, tunakaa huko, ukuta uwe katikati, mwalimu atupitishie magazeti dirishani." Alimwita Bi Mwanahawa mwalimu, wote walimwita hivyo. "Na asitokee mtu akasema nimetolewa. Nimejenga. Utasema hivyo."

"Nitasema hivyo, mzee."

"Na yule wa mwanangu arudishiwe madaftari."

Nilijenga kila jioni baada ya mashine, kwa mianzi na mabati machakavu niliyoombaomba. Watoto walipita wakiimba, Mnyiramba anatumikia kifungo. Wakati ule Tumpe aliingia maktaba kwa mara ya kwanza. Alisoma alasiri mpaka taa inawashwa, na baada yake wakaanza kuingia wengine, kwanza wawili kwa kujificha nyuma ya migongo ya wenzao, halafu hawakujificha. Mmoja alikuja kutafuta habari za uzazi wa mpango, mwingine alitaka kujua haki yake kwenye shamba la marehemu mumewe. Hao walikuwepo siku zote, Sekela. Walikuwa barabarani.

Lakini usidhani niliweza kila kitu. Kibaraza nilikijenga kwa haraka, na kazi ya haraka unaijua. Mtihani ulikuwa umebaki siku chache, mvua za kwanza zikaja na upepo kutoka ziwani, ukainua bati moja, ukachukua na la pili. Wazee wakakimbia. Wenye miguu wakavuka barabara wakaja kwetu mashineni. Mzee Asegelile goti lilikuwa bovu, alifika tu chini ya ukingo wa paa mbele ya mlango wa maktaba, na ukingo ule ni mfupi. Akasimama pale amegeukia barabara, maji yanampiga kifuani.

Ndani alikuwemo Tumpe na hakuna mwingine ila mkutubi. Chumba kina mlango mmoja. Mzee hawezi kuingia kwa sababu Tumpe yumo. Tumpe hawezi kutoka kwa sababu mzee yuko mlangoni. Na mzee analowa kwa ajili yake, na kwa mkamwana hilo ni jambo zito sana, lingeweza kusemwa nyumbani kwa miaka. Nilikuwa mlango wa mashine na gunia begani. Wazee waliokuwa karibu yangu wakanitazama. Yule mcheshi wao akasema, "Haya, Mnyiramba, leo huna neno?"

Nilikuwa nimejiuma mdomo mpaka nikasikia damu. Niliona ile kazi yote inakwenda na maji, madaftari yanarudi yalikotoka, na kibaraza changu ndicho kilichosababisha.

Bi Mwanahawa akatokea mlangoni. "Mzee, ingia, unalowa!"

Mzee hakugeuka. Mwenyewe Bi Mwanahawa alinisimulia baadaye kwamba Tumpe alikuwa ameshafunga kitabu na kujifunika kanga kichwani, amesimama nyuma ya kabati, anatafuta pa kupita na hapapo. Mzee akapaza sauti, uso bado uko barabarani.

"Mwalimu! Mwambie aliyemo ndani amalize ukurasa."

Bi Mwanahawa, mtu wa Pangani, alikuwa ameshajifunza. Akageuka, akamwambia Tumpe aliyesikia kila neno, "Mzee anasema umalize ukurasa."

Halafu sauti ndogo kutoka nyuma ya kabati, "Mwambie ndaga, tata." Asante, baba.

"Mzee, anasema ndaga, tata."

"Haya," mzee akasema.

Tumpe akakaa, akafungua kitabu. Mzee alisimama pale mpaka mvua ikaisha. Tulipovuka kumfuata koti lilikuwa linachuruzika, na yeye anaulizia kama bati limepatikana.

Mtihani aliufanya. Hakufaulu yote, hesabu ilimwangusha. Mkataba ulikuwa mwaka mmoja, na mama mkwe alikumbusha. Lakini safari hii aliyesema arudie alikuwa Mzee Asegelile, kwa kupitia dada yake, na mwaka uliofuata akapita. Leo ni karani wa chama cha wakulima wa kakao. Bei inapobandikwa yeye ndiye anayewasomea wanawake wasiojua, na hakuna anayewadanganya tena kwenye mzani.

Ofisa alirudi mwisho wa mwaka kama alivyoahidi. Akakuta wanawake ndani wamejaa mabenchi. Akazunguka upande wa pili akakuta wazee kibarazani. Akakasirika. "Mbona wazee mmewatoa nje?"

Mzee Asegelile akamtazama juu ya gazeti. "Hatukutolewa. Tumejenga."

Maktaba ikabaki.

Sasa wewe unakwenda kwa watu wengine, na mimi sijui wana nini. Huenda huko hakuna mambo ya wakwe. Huenda ni saa za kufungua, huenda ni soko, huenda ni mtu anayekaa karibu na mlango, huenda ni wewe mwenyewe na viatu vyako. Sitakudanganya pia kwamba lazima utaweza. Unaweza kufanya yote na katikati ya mwaka wakavihamisha vitabu. Hilo likitokea, usiongeze na neno la kwamba ndivyo walivyo. Andika ulichokiona.

Ila siku ya kwanza, mama, usikae ndani. Mkabidhiane funguo, halafu vuka barabara. Tafuta mahali watu wanapofanya kazi, penye kubangua korosho au kushona, uombe pa kukaa, na utazame huo mlango kutoka huko. Ukiona mtu anageuza, usimkimbilie. Na ukiijua sababu, usiniige mimi, uliza kwanza nani anayestahili kuambiwa, na nani tayari ameshaanza kulishughulikia kabla hujafika. Atakuwepo. Kwetu alikuwepo na nikampita.

Wakikuuliza wewe ni nani, waambie ni mgeni, mtoto wa Mnyiramba na Mnyakyusa, umekuja kwa kazi ya vitabu na huku bado hujui kitu. Itakuwa kweli. Na watakucheka, halafu watakusogezea kigoda.

Mimi baba yako